Meza ya Gundi

Detroit, 11 Januari 1909

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Vipi macho yako, na kile kikohozi? Mimi mzima, ila nimechoka hadi kwenye kucha.

Hapa kampuni ya mbegu wameleta mashine ya kubandika stempu. Unaweka bahasha, unaipiga mashine kichwani kwa kiganja, nayo inalowesha, inakata, inabandika. Chakula chake ni mkanda mrefu wa stempu ulioviringishwa kama utepe wa dukani. Tulikuwa chumba kizima cha wasichana tukilowesha stempu kwa sponji zetu. Nimebaki mimi tu, maana Bwana Crandall anasema nina mkono wa mhunzi. Tekla, yule Mpolandi ninayeishi naye, wamemtoa. Akivaa koti aliniambia, "Haya, kaolewe na chuma chako." Tukacheka, kisha akatoka.

Mwanao,
Leona

Washington, 20 Januari 1909

Mwanangu Leona,

Nimefurahi kupata habari zako. Kikohozi kimepungua, macho ndiyo yanatoka machozi kila jioni.

Hiyo mikanda naijua. Tangu mwaka jana, hapa kiwandani tunakochapa stempu, wameniweka meza ya gundi. Stempu zinachapwa kwa karatasi pana. Sisi tunaziunga karatasi hizo ncha kwa ncha, kisha zinakatwa vipande vyembamba na kuviringishwa. Ukiona mahali stempu zimepandana, ujue hapo amepita mwanamke na brashi. Pengine ni mimi. Sikujua zinakwenda kuwatoa watoto wa watu kazini.

Msalimie Tekla. Kula ushibe.

Mama yako

Detroit, 2 Machi 1909

Mama mpenzi,

Natumai hujambo. Mimi sijambo kiasi.

Hivyo viungo vyenu vinanitesa. Mkanda ukifika penye gundi unakwama. Crandall anapiga kelele, "Leona, umelala?" Namwambia, "Sijalala, ni kiungo." "Kiungo, kiungo! Tafuta kisingizio kingine." Basi naingiza vidole navuta. Mwambie huyo mwenye brashi apunguze gundi. Nakutania, Mama. Nusu utani, nusu kweli.

Mwanao,
Leona

Washington, 9 Machi 1909

Mwanangu,

Salamu. Wenzangu nimewasomea barua yako, wakacheka, mimi sikucheka. Tukipaka kidogo, karatasi inaachia. Tukipaka nyingi, inavimba. Na msimamizi yuko mgongoni anahimiza. Usitie vidole humo, Leona. Crandall mwache agombe.

Mama yako

Washington, 30 Aprili 1909

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Kama nimekuudhi, niambie.

Mama yako

Washington, 4 Juni 1909

Leona, hata neno moja tu.

Mama

Detroit, 15 Juni 1909

Mama,

Samahani kwa mwandiko, ni mkono wa kushoto. Ule wa kulia umepoteza vidole viwili kwenye mashine, cha shahada na cha kati. Crandall alikuja hospitali na maua, akasema kazi yangu kapewa mwingine. Tekla ananifunga vifungo, ananichana nywele, anafua nguo za watu ili tule sote wawili.

Sikuandika kwa sababu nilijua utakachouliza. Usiulize.

Mwanao

Washington, 22 Juni 1909

Mwanangu kipenzi,

Siulizi. Lakini kila kiungo ninachokibana sasa nakuona wewe. Leo brashi ilinidondoka. Philomena wa meza yetu akaniambia, "Augusta, kaa chini kidogo." Nikakaa. Msimamizi akaja: "Siku hizi tunafanya kazi kwa kukaa?" Nikiacha kazi, nani atakutumia hata senti? Basi nikainuka, nikapaka.

Ukiweza, usinichukie.

Mama yako

Washington, 17 Agosti 1914

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Tekla. Asante kwa picha uliyonitumia. Umenenepa, nami nimefurahi.

Kiwandani wamefunga mtambo mpya wa silinda. Unachapa mkanda mmoja mrefu, usio na kiungo hata kimoja. Meza ya gundi inaondolewa. Wenzangu walilia. Mimi nilisimama nikiitazama karatasi inavyotoka, nzima, laini, bila alama ya mkono wa mtu. Nilingoja nifurahi au nikasirike, nikahisi miguu tu inauma. Laiti mtambo huu ungalikuja mapema, mwanangu. Basi.

Kwa umri huu hawatanipa meza nyingine. Chumba nilichopanga nitakiacha mwisho wa mwezi. Usihangaike, nitaona la kufanya.

Mama yako

Detroit, 24 Agosti 1914

Mama mpenzi,

Sisi wazima. Barua yako nimemsomea Tekla jikoni. Hakuacha hata kupiga pasi. "Ataona la kufanya lipi tena? Mwambie kitanda kipo. Na kama anajua kukunja shuka, asilale sana, wateja wamejaa."

Sijakuchukia, Mama. Mwaka ule wa kwanza nilijaribu, sikuweza. Kila nilipoanza nilikuona umesimama pale mezani, miguu inakuuma.

Barua hii usiijibu. Panda treni siku ya mwisho wa mwezi. Nitakuwa stesheni, nitakupungia mkono huu wa kulia, uutazame hadi utosheke. Kisha twende nyumbani ukalale. Hakuna atakayekuamsha.

Mwanao,
Leona