Beseni ya Simu

Rusi, uko wapi?

Hamim, huyu cheamani wetu wa soko hapa Bwera, ameita mukutano asubuhi. Ameleta beseni ya kuoshea samaki, ati kila mutu aweke simu ndani, atafute nani alitumia wakubwa wake picha ya choo ya soko, bado imefungwa na kufuli.

Na unajua ni mimi nilituma.

Akashika simu yangu: "Asmah, fungua!"

Nikakataa. Kwani simu yangu ni ya serikali?

"Mutu hana kitu ya kuficha haogopi." Mutu muzima anasema hivyo! Haogopi!

Nikamwambia, "Basi anza na yako."

Mujinga akaifungua, kifua mbele. Lakini miwani alisahau nyumbani, akanipa mimi nisome. Mimi, Rusi!

Nikasoma kwa sauti ile aliandikia wakubwa wake jana: "Choo ya soko imefunguliwa, watu wanashukuru." Na picha ya choo ya nyumbani kwake, muke wake amesimama mulangoni!

Nikaiweka simu yake polepole ndani ya beseni.

Watu wakachukua simu zao, wakaenda. Ikabaki moja tu, ya ule mutu hana kitu ya kuficha.