Mistari Mitatu Myekundu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji. Natumai miguu imeacha kuvimba, na huyo mpwa wangu tumboni amepunguza mateke anakuacha ulale. Sisi huku kiafya hatujambo. Goti la Mama linamsumbua kidogo, ila ukimwona kwenye cherehani huwezi kujua kama ana goti. Mimi ni mzima, lakini raha sina, na sababu ndiyo barua hii. Ningeweza kupiga simu. Nimepiga mara tatu mwezi huu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha kwenu. Bila shaka umejiuliza nimeanza lini kupenda habari za mvua.

Basi keti kwanza. Nataka kuzungumzia pateni za Mama, zile ramani zake za kukatia nguo. Najua ulisema jambo hilo lisitajwe tena nyumbani kwenu. Najua pia kwamba tangu Mama aape hatakanyaga kwa mkwe wake, hata siku utakapojifungua, umekuwa ukilia chinichini. Shangazi ameniambia umemuuliza shemeji mara nyingi kwa nini hajitetei, naye anakujibu yaishe tu, mpaka na wewe umeanza kumshuku. Hilo la kumshuku ndilo limenikalisha mezani leo. Nisome hadi mwisho, halafu unitukane utakavyo.

Unakumbuka lile kabati la makaratasi ya kaki, kila moja limeandikwa kwa kalamu ya Mama: bibi harusi wa mabega mapana, mwalimu mfupi, mapacha wa nyumba ya jirani. Kazi ya miaka thelathini, na yote yalikuwa yanameguka kwenye mikunjo. Shemeji alipopata likizo, badala ya kupumzika kama watu wengine, alikaa wiki mbili nzima kwenye chumba cha kushonea akizipiga picha moja baada ya nyingine, na rula pembeni ili vipimo visipotee. Mchoraji ramani hawezi kuiacha kazi yake ofisini. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Mama alimsifia mpaka mimi mtoto wa kuzaa nikaona wivu. Makaratasi yakaenda kujazia mito, na picha zikabaki kwenye ile kompyuta ya mezani.

Sasa nije kwenye kompyuta. Unanijua nilivyo, ukinipa redio inayoimba vizuri nitaifungua nione ni kwa nini. Nilijiunga na kundi moja mtandaoni, la watu wanaokimbiza kompyuta kupita spidi iliyotoka nayo kiwandani. Kila mmoja anaweka namba zake, wenzake wanampongeza au wanamcheka. Mimi nilikuwa wa kuchekwa. Walinibandika jina Konokono, na mtu mzima nikakubali jina hilo liniharibie siku.

Nikapandisha prosesa, yaani kile kichwa cha mashine kinachopiga hesabu. Ilipanda vizuri, lakini namba hazikusogea sana. Memori, ambayo kazi yake ni kuipelekea prosesa vitu vya kufanyia kazi, ilikuwa bado inakwenda mwendo wake wa zamani, na prosesa inakaa inasubiri. Nikaenda kumuuliza fundi wa duka la vipuri. Alinieleza taratibu kwamba hivi viwili lazima vioane. Ukipandisha kimoja unakipima saa nane nzima, ndipo uguse kingine. Akasema memori ukiizidisha kuliko prosesa inavyoweza kupokea, si lazima mashine izime. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku inakosea kimyakimya. Yeye, akasema, yuko radhi na memori ya polepole inayosema kweli. Nilimjibu nimemwelewa. Kusema kweli nilimsikia tu.

Na wala halikuwa somo geni. Mama ametufundisha hilohilo tangu tukiwa wadogo: ukivuta kitambaa haraka kuliko sindano inavyoshuka, mishono inaruka, na kwa juu huoni kitu mpaka siku nguo inafumuka, mwenyewe akiwa ameivaa mbele za watu. Nimeambiwa hivyo sijui mara ngapi nikiwa nimeushika upindo kwa mikono yangu. Nikaenda kuvuta vilevile.

Alasiri moja, Mama katoka kununua vifungo, nikaipandisha memori hatua tatu kwa mpigo. Namba ikatoka nzuri mno. Nikaituma kundini, wakanivua ukonokono, na nikatembea mle chumbani kifua mbele kama niliyejenga daraja. Kipimo cha saa nane nilikikatisha baada ya dakika ishirini. Halafu, siku hiyohiyo, na mashine ikiwa katika mwendo ule, nikahamisha picha zote za pateni kwenda kwenye diski mpya. Nikahesabu, zimetimia mia nne na kumi na mbili. Sikufungua hata moja. Diski ya zamani nikaifuta nipate nafasi ya michezo yangu.

Siku mbili baadaye Mama akafungua pateni ya gauni. Juu ilikuwepo, kuanzia kiunoni kwenda chini ni kijivu kitupu. Akafungua ya pili, imejaa michirizi. Ya tatu haikufunguka kabisa. Zilizopona hazifiki sitini. Mama akauliza nani kagusa kompyuta, na hapo, Dada, mimi ndiye niliyesema kwamba shemeji alichomeka flashi yake juzi, huenda ilikuwa na virusi. Nilisema huenda. Kwa miezi minne nimekuwa nikijitetea moyoni kwa neno hilo moja, kana kwamba Mama angelisikia. Hakulisikia. Yaliyofuata ulisimuliwa: alimwita shemeji, ambaye wiki ile alikuwa amefikia kwetu kikazi, akamwambia mbele ya wateja wawili kwamba mikono yake isiguse tena kitu chochote cha kwake, na kwamba kama alitaka kumfilisi angemwambia mapema. Shemeji alisimama pale na flashi yake mkononi, akaomba radhi, akaondoka.

Usilolijua ndilo hili, na ndilo lililonishinda kwenye simu. Zile dakika ishirini hazikutoka safi. Kwenye kioo cha kompyuta ilitokea mistari mitatu myekundu, na kila mstari maana yake ni kosa. Niliiona. Na sikuiona peke yangu. Shemeji alikuwa ameingia kuchapisha fomu yake, akasimama nyuma ya kiti changu, akauliza ile mistari ni ya nini. Nikamwambia ni memori imezidi mwendo, kesho nitaishusha. Akanishauri nisihamishe chochote mpaka mistari iishe. Nikamwomba asimwambie Mama kwamba naichezea mashine yake, maana angeninyang'anya ufunguo wa chumba. Alicheka, akanipa mkono, akasema halitatoka kinywani mwake.

Siku Mama alipokuwa anamsema, shemeji aliniangalia mara moja tu. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Nikainama kuokota pini sakafuni, Dada, na pini haikuwepo.

Hiyo ndiyo sababu hajitetei, hata kwako. Alinipa neno lake, na wa kumwachilia nilikuwa mimi. Wewe umelala kando yake miezi minne ukidhani anakuficha kosa lake, kumbe ni langu. Naona aibu hata kuliandika jina la undugu wetu mwishoni mwa karatasi hii.

Wiki iliyopita nilimwambia Mama. Alikuwa anapinda shuka. Aliniuliza nimejua tangu lini, nikamwambia tangu siku ya kwanza. Hakuinua macho. Alikwenda na upindo mpaka mwisho, akakata uzi, akautazama, akachukua kiwembe akaufumua wote. Nilisubiri anitukane, ningefarijika. Baadaye akaniagiza kitambaa cheupe cha rafu ya juu, kile alichokuwa hataki mtu akiguse, akakitandaza mezani akaanza kukata. Alikuwa anajitajia mwenyewe kwa sauti ndogo: kola kumi na tano na nusu, bega kumi na nane, mkono ishirini na nne na robo kwa sababu wa kulia ni mrefu kidogo. Hakutazama karatasi wala kompyuta. Vilikuwa vipimo vya shemeji, Dada, na alikuwa navyo kichwani siku zote hizi za kutomtaja. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa kisiteleze.

Anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Barua hii itamtangulia kwa siku mbili. Atakaa nawe mpaka utakapojifungua, na baada ya hapo mpaka utakapomchoka, hivyo ndivyo alivyosema. Shati atalikabidhi mwenyewe, na amenionya nisimwombee msamaha, anao mdomo wake. Mimi nakuomba kitu kimoja: ukimaliza kusoma mpe shemeji naye asome, kisha umwambie lile neno alilonipa nimemrudishia. Mimi sitakuja mpaka aniite yeye. Asiponiita nitaelewa.

Kompyuta nimeirudisha mwendo wa kiwandani. Kundini nimeweka picha ya ile mistari mitatu na nimewaeleza ilichokula, nao wakanirudishia jina langu. Kila jioni Mama ananitajia mtu, nami nachora kwenye karatasi ya kaki. Akikosea bega ananiambia nifute, tunaanza upya. Tumefika thelathini na moja.

Nisalimie shangazi, na mpwa wangu umpapase kwa niaba yangu. Mama anasalimu, anauliza kama sufuria kubwa unayo au aje nayo. Shemeji sijui nimsalimie vipi, kwa hiyo mpe tu hii barua.

Ni mimi mdogo wako,
Konokono