Mtepe Wangu Karaini

Dada Zuhura wa kununa,

Salamu za Kibokoni zikufikie huko Malindi. Fundi mkubwa sasa ni mimi! Ami Salim anatufundisha, mimi na watoto wa mtaa, kuunda mitepe midogo, yale majahazi ya kale yasiyo na msumari, yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Leo wangu umetiwa kwenye karai la maji. Unavuja, dada! Nilitaka kuuopoa, Ami akanikemea, "Uwache unywe! Kamba zikivimba, matundu yataziba." Watoto wanacheka: "Fundi, leta ndoo!" Maji bado yanaingia. Ukizama, narudishwa kufagia maranda. Niombee, nakupenda hata ukinuna. Mtepe ukielea, mtangazie kila mtu. Ukizama, ulikuwa wa Ami.

Nduguyo Athmani