Kundi la Kusoma Tu

Alhamisi, Februari 1997

Nimemdanganya Mzee Gervas mchana kweupe, tena nikiwa nimetoka tu kumpa shikamoo.

Ndiye msimamizi wetu wa mifereji, na ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia mradini. Wiki iliyopita ilikuja barua kutoka makao makuu: kwenye programu mpya ya ratiba, wasio na diploma wawekwe kundi la kusoma tu, wasiweze kubadilisha chochote. Anayepanga makundi ni mimi. Nikaliweka jina lake humo, nikaenda kunywa chai.

Leo alikuja kurudisha nyuma tarehe ya kuanza kalavati la mto Lumemo. Anasema mto umeanza kubadilika rangi, tusipoanza wiki hii masika yatatukuta. Akaandika kwa kidole kimoja. Kompyuta ikakataa. Akafuta miwani, akaandika tena.

“Mwanangu, mbona inanikatalia?”

“Mashine tu hii, Mzee. Ina matatizo.”

Ningeweza kumhamisha kundi palepale, ni kazi ya dakika moja. Niliogopa bosi angeniuliza. Basi.

Tarehe nimeiingiza mwenyewe. Programu imeandika jina langu, kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda kuutazama mto. Mimi, ambaye tangu Krismasi sijafika hata ukingoni.

Na yeye akanishukuru! Alipofika mlangoni akageuka, akaitazama ile kompyuta bila hasira yoyote.

“Si kosa lake,” akasema. “Bado haijanijua. Kesho nitakuja mapema, nijaribu tena.”