Kichupa cha Karatasi Nyeusi

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu, 14 Novemba 1994

Kwako dada yangu Celina,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba ukae mahali ambapo hakuna mtu wa kusoma nyuma ya bega lako. Neno lolote la barua hii lisitoke kwako kwenda kwa shemeji, wala kwa wauguzi wenzako wa wodini, na kwa mama ndiyo usithubutu kabisa. Kuna mtoto ambaye hajazaliwa, na pengine kwa sababu yangu hatazaliwa hai. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho sitaweza kurudi mwanzo.

Natumaini nyote hapo Morogoro hamjambo na kwamba kikohozi cha mtoto kimeisha. Kule Magomeni kwa shangazi Benedikta tu wazima. Magoti yanamsumbua, lakini kwaya haachi, na bado anawatangazia majirani kwamba mimi nafanya kazi kwa madaktari. Nimechoka kumsahihisha. Kazi yangu ni kuandika majina. Mimi mwenyewe sina ugonjwa. Nakula, nalala, nafika kazini saa moja na nusu, na katika hayo yote sisikii kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Unakumbuka nilikueleza kwamba serikali iliporuhusu tena matibabu ya binafsi, Mzee Chandu aliacha biashara ya vitenge akafungua maabara hii ghorofani, juu ya maduka ya vyombo. Mtaalamu wa vipimo ni Hafidhi, na mimi nakaa mapokezi. Mzee ana amri moja: karani asiandike jina aliloambiwa, wala lililo juu ya bahasha, bali lile aliloliona kwa macho yake kwenye kioo chenyewe. Kabla yangu karani mmoja aliandika kutoka kwenye bahasha, majibu ya wagonjwa wawili yakabadilishana, na karani huyo hakukanyaga hapa tena. Kila asubuhi Mzee hupita mezani kwangu akisema kioo, Eva, kioo. Akishatoka, Hafidhi humwigiza, na tukinywa chai huniuliza kama nimekisoma kikombe kwanza.

Alhamisi ya tarehe tatu alikuja Mama Taraben, mwenye duka la sufuria hapo chini, akiwa amebeba kichupa kwenye mkoba kama mtu aliyebeba yai. Kilikuwa cha mkaza mwanawe, Trupti. Trupti ana miaka ishirini na mitatu, sawa na mimi. Damu yake ni ya kundi hasi na ya mumewe ni chanya. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa salama, wa pili alizaliwa wa manjano akafa siku ya tatu. Sasa ana mimba ya tatu, ya miezi saba, na Daktari Sagar alikuwa amemchoma sindano ya tumboni akavuta maji ya uzazi kidogo. Wewe mkunga huenda unayajua haya kuliko mimi. Hafidhi alinieleza kwamba damu ya mtoto ikiwa inavunjwa na damu ya mama yake, maji yale huwa na rangi ya manjano, na mashine huipima rangi hiyo. Ikiwa nyingi, mtoto atolewe mapema abadilishiwe damu. Ikiwa kidogo, aachwe akue.

Kichupa kilikuwa kimefungwa kwa karatasi nyeusi, ile inayotoka kwenye maboksi ya filamu za eksirei, na mpira juu yake. Siku yangu ya kwanza kazini Hafidhi aliniambia kwamba chochote kilichofungwa karatasi nyeusi hakiguswi mpaka kifike kwenye mashine, kwa kuwa mwanga huila ile rangi.

Asubuhi hiyo mgao wa umeme ulikuwa zamu yetu. Hafidhi alikwenda kutafuta dawa za mashine mjini, nasi tukabaki tunasubiri. Mama Taraben hakuondoka upesi. Alitazama mwandiko wangu akasema mimi naandika kama mtu anayepanga chawa mstarini, na kwamba msichana mwenye mwandiko huo anafaa kuolewa na hakimu, siyo kukaa hapa akinusa mikojo ya watu. Nikamjibu kwamba mahakimu hawajapanda ngazi hii. Alicheka mpaka akafuta macho kwa sari, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama majibu mabaya huwa yanachelewa kuliko mazuri. Nikamwambia yote huchelewa sawa.

Umeme ulirudi saa nane. Hafidhi alikipima mara mbili. Alisema maji ni meupe kama ya mvua, alhamdulillahi, safari hii familia ile imepona. Daktari Sagar akamwambia Trupti aende nyumbani, arudi baada ya majuma matatu.

Jumamosi iliyopita Trupti mwenyewe alipanda ngazi, akipumzika kila kidato, akatuletea vitamu alivyopika mama mkwe wake. Hafidhi alikula vinne. Mimi nilikula kimoja huku wananitazama, na ningekuwa nimetafuna chaki nisingejua tofauti. Trupti alisema mtoto wake sasa ana adabu. Mwanzoni alikuwa akicheza usiku na mchana, lakini tangu Alhamisi iliyopita ametulia, hasogei ila mara chache, na mama mkwe anasema huyo ni mtoto wa kike, ameshaanza kuwa na haya. Alicheka. Hafidhi naye akacheka. Dada, najua mahali hapa hukucheka.

Sasa nakuambia. Kile kichupa nilikifungua mimi. Mama Taraben alikuwa mbele yangu, daftari liko wazi, jina limeandikwa juu ya karatasi nyeusi, na sauti ya Mzee Chandu masikioni mwangu ikisema kioo. Nilizijua amri zote mbili. Nikachagua ya yule anayeweza kunifukuza. Nilivua karatasi, nikalisoma jina kwenye kioo, nikaliandika vizuri, nikakisimamisha kwenye kibao cha vichupa, na kibao chetu kiko dirishani, upande wa jua. Tukaongea habari za mahakimu. Wakaja watu wengine na makopo yao. Kilikaa pale kuanzia saa tatu mpaka feni ilipoanza kuzunguka.

Hilo lingeweza kuitwa kosa. Linalofuata halina jina hilo. Nilisikia viatu vya Hafidhi kwenye ngazi, nikageuka nikakiona, nikakumbuka. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Maji yalikuwa machache, lakini Trupti alikuwa bado yuko kwa Daktari Sagar, wangeweza kumvuta mengine. Nikachukua ile karatasi nyeusi, nikakivisha tena, nikaurudisha mpira, nikampa Hafidhi mkononi. Akanisifu kwamba nimekitunza vizuri.

Siku kumi na moja nimekaa na sifa hiyo. Nilijiambia labda jua halikukifikia, labda kweli yalikuwa meupe. Baada ya Jumamosi siwezi tena kujiambia hivyo, na jana, Jumapili, nilikwenda mpaka mlango wa zahanati ya Daktari Sagar nikakuta kufuli. Nikakaa Mnazi Mmoja kwenye nyasi mpaka jua likazama, nikarudi nyumbani.

Leo daktari anafika saa nne. Nitavuka Mnazi Mmoja nimwambie, kisha nirudi nimwambie Hafidhi, halafu Mzee Chandu, halafu Mama Taraben, huyo wa mwisho nikiweza kumtazama. Najijua, dada. Naweza kufika mlangoni nikasema nimetumwa kuleta fomu. Ndiyo maana barua hii nampa Filbert, mpangaji wa shangazi, atakayeipitia hapa akienda kupanda basi la saa tatu kuja huko. Akishaondoka nayo siwezi kuifungua na kuifunga tena.

Nisalimie shemeji na mtoto. Mama mwandikie kwamba sijambo, mengine nitamwambia kwa kinywa changu.

Usipige simu maabara, huenda nisiwe mtu wa hapo tena. Piga dukani kwa Mzee Awadhi, chini ya nyumba ya shangazi, namba ile uliyotumia wakati wa msiba wa babu. Leo saa kumi na moja nitakuwa nimesimama kando ya simu. Nikipokea, usiniulize hali. Niulize Trupti amechomwa tena sindano au la. Nikianza kukueleza habari za shangazi, kata simu, upige kwa Daktari Sagar, namba nimeiandika nyuma ya bahasha, umsomee kuanzia pale niliposema sasa nakuambia. Ile siri niliyokuomba mwanzo, hapo imekwisha.

Ni mimi mdogo wako,
Evarista