Kabati Lililokataa Kusonga

Jumatatu, 14 Julai

Nimelisukuma tena jioni. Halisongi. Nimerudi jikoni, nimekunywa chai iliyopoa, nimesahihisha madaftari.

Ukungu umeshuka kutoka mlimani mapema. Endebess mwezi wa saba ni baridi ya kuingia mifupani. Kabati limekaa chumba kidogo tangu nilipohamia nyumba hii. Waliolibeba walinyeshewa, wakalitua pale walipochoka, wakaenda zao Kitale. Mbao ya mvule. Zito kama ng'ombe aliyelala. Nalitaka sebuleni, kwa sababu pale lilipo ndipo pa kitanda cha Nafula.

Nafula ni binti yangu. Yuko Bungoma kwa mamangu, ambaye yeye humwita Kukhu, yaani bibi. Nilimwacha huko baba yake alipofariki nami nikaletwa kufundisha huku. Nilisema ni muhula mmoja. Sasa ananifikia begani. Shule zikifungwa nataka aje. Si kwa likizo tu. Nataka abaki.

Nimempigia. Amesema hajui.

Jumanne, 15 Julai

Kidato cha tatu, somo la nguvu. Nimewapa dawati wavute wawili, mmoja huku, mwingine kule. Halikwenda popote. Nimeuliza kuna nguvu ngapi pale. Darasa zima limejibu hakuna, Madam, si halisongi. Kila mwaka kosa ni hilo hilo. Kitu kikitulia wanadhani hakuna kinachokivuta. Nimewaeleza ziko mbili, zinalingana, zinamezana. Kinachobaki ni sifuri. Ni kile kinachobaki ndicho kinachoamua kitu kianze kwenda wapi.

Chumba cha walimu, wenzangu wanapanga kwenda harusi Kachibora. Gari limejaa. Waliniambia hivyo kabla sijauliza.

Nimempigia Nafula tena. Nimemweleza habari za shule ya hapa, maktaba yake, viatu vya mvua nitakavyomnunulia. Kimya. Nikaongeza maneno. Kimya nacho kikaongezeka.

Jumatano, 16 Julai

Msuguano. Nimefunga mizani ya springi kwenye dawati, nikamkalisha Kiprono juu yake, wenzake wakavuta. Mizani ikapanda. Akakaa na wa pili. Ikapanda zaidi. Mzigo ukizidi, msuguano unazidi. Wamepiga kelele za furaha mpaka naibu wa mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani. Siku nzuri, kwa kweli. Iliisha kengele ilipolia.

Jioni, kabati. Nimeegemeza bega, nimesukuma mpaka nikaona nyota. Vyombo ndani vikalia, nikaacha, nikaogopa vitavunjika. Ni sahani na vikombe vya wageni. Tulivinunua wakati wa harusi yetu, vina maua ya samawati. Najua napaswa kuvitoa kwanza. Nimefundisha hivyo asubuhi hii hii. Lakini mganga hajigangi.

Sitaki kuviona. Basi.

Alhamisi, 17 Julai

Mvua. Sijaongea na mtu tangu nitoke shule, ila kuku wa jirani. Nilimsalimia kwa heshima.

Jumamosi, 19 Julai

Mama Wanjiru ameleta maziwa. Ndiye mwenye kuku. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kati wakanunua shamba hapa, yeye amezaliwa hapa hapa. Alisikia vishindo juzi, akataka kujua nagombana na nani. Nikasema kabati. Amecheka mpaka akashika mlango. "Si ungeniita, bana," akasema, wanawe wangelitoa dakika moja. Nikakataa. Sijui kwa nini nilikataa. Uongo, najua. Sikutaka mtu aone chumba cha mtoto kisicho na mtoto.

Mchana nimempigia Nafula. Hakushika. Nikapiga tena, nikapiga tena. Mwishowe mamangu akachukua simu.

"Nasimiyu, mtoto analia hapa," akasema. "Umemsukuma ya kutosha."

Nikamwambia ni mtoto wangu. Akasema anajua sana, si ndiye amemlea. Nikamkatia simu. Mamangu mzazi.

Nina hasira naye na nina wivu naye. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 21 Julai

Tumeburuta gunia la mahindi sakafuni, kisha juu ya magunzi. Juu ya magunzi lilikwenda kama liko kwenye magurudumu. Watoto wa wakulima hawa, magunzi wamezaliwa wakiyaona jikoni yakiwasha moto, na leo wameyashangaa.

Nilikuwa nafuta ubao Chebet aliponyoosha mkono. Hukaa nyuma, huongea mara moja kwa muhula. Akauliza: "Madam, nikiacha kusukuma, ule msuguano unaenda wapi?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nikajibu hauendi mahali. Haupo tena. Kitu kikiwa kimetulia, msuguano hauanzi wenyewe, unajibu tu. Ukisukuma kidogo unakataa kidogo. Ukisukuma sana unakataa sana, mpaka ufike mwisho wa uwezo wake. Ukiacha, nao unaacha.

Nilijisikia nikiyasema hayo. Nikasimama na chaki mkononi mpaka Chebet akauliza kama niko sawa.

Leo sikupiga simu.

Jumatano, 23 Julai

Sijapiga. Mkono unaenda kwenye simu wenyewe, naurudisha. Nimewasha redio, kipindi cha salamu. Watu wa Chwele wakisalimia watu wa Kimilili, wote wakae wakijua wanapendwa. Nimesikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyenitaja, na sijui nilimtarajia nani.

Kuna jambo sikumwambia Chebet. Ukiacha kusukuma, kitu kilichotulia hukaa pale pale kilipo. Hilo nalo liko kwenye kitabu. Hilo ndilo linanitisha. Labda ataona nimechoka naye. Labda ataona afadhali.

Ijumaa, 25 Julai

Sijapiga. Upweke una uzito. Nilikuwa nadhani ni maneno ya watu wa mashairi.

Jumapili, 27 Julai

Nimetoka kanisani, sikupika, nimeingia chumba kidogo na kufungua kabati. Nimetoa vyombo vyote. Sahani moja moja, nikaziweka kwenye beseni kwa kanga ili zisigongane. Nyingine bado zina karatasi ya bei ya dukani. Bakuli la mchuzi halijawahi kuona mchuzi. Miaka yote hii mimi na baba Nafula, kisha mimi peke yangu, tumekula kwenye sahani za plastiki tukiwawekea wageni hizi nzuri. Wageni gani? Hapa huja Mama Wanjiru, na yeye hunywea chai mlangoni amesimama.

Nimelia kidogo. Halafu nimelia sana.

Kisha nikaegemeza bega. Mwanzo hakuna kitu. Nikaongeza. Likang'oka ghafla, karibu nianguke nalo. Likishaanza ni jepesi kuliko kulianzisha. Hilo pia niliwafundisha, na nikashangaa kama sikuwahi kulisikia. Limekwenda mpaka mlangoni, likakwama kwenye kizingiti. Hapo mtu mmoja hawezi. Lazima mmoja ainue na mwingine apenyeze kitu chini. Nimeliacha hapo hapo mlangoni. Kuingia chumbani napita kwa ubavu.

Jumanne, 29 Julai

Simu imelia nikiwa nachambua sukuma wiki. Nafula.

"Mbona hupigi?"

Nikasema sikutaka kumsumbua. Akauliza kama huku kunanyesha. Akauliza kile chumba kina dirisha. Nikasema kina, linatazama mahindi ya Mama Wanjiru. Nilikuwa na mengine mengi ya kusifu. Niliuma mdomo.

Akasema Kukhu atakuwa anaenda Lwakhakha na shangazi kutafuta ndizi za kuuza, kwa hivyo hatakaa peke yake. Ndipo nikaelewa. Hakuwa anakataa kuja kwangu. Alikuwa ameshikilia upande wa pili, bibi yake asibaki mwenyewe. Muda wote nilihesabu nguvu moja, ile yangu.

Akauliza kama anaweza kuja aone tu. Nikasema anaweza. Na asipopapenda? Nikasema basi atarudi kwa Kukhu. Nimesema maneno magumu maishani, hata makaburini, lakini si kama haya.

Baadaye nimempigia mamangu. Nimemwomba radhi. Amesema yeye alishasahau, niache kumaliza salio.

Jumamosi, 9 Agosti

Amefika. Nilimpokea Kitale stendi, tukasalimiana kwa mkono kama watu wa kanisa. Begi lake dogo. Nililiona hilo begi, nikalibeba.

Alikuta kabati mlangoni. Akauliza ati hili ndilo askari wa nyumba. Nikamweleza kizingiti. Akalizunguka kwa macho, akatazama gunia la magunzi kando ya jiko, akatazama kabati. Hatukuelezana zaidi. Nikainua ukingo, akasukumia magunzi chini, nikainua ukingo wa pili. Kisha akaja akasimama kando yangu, bega lake chini ya langu, tukasukuma wote upande mmoja. Likavuka. Likaenda sebuleni likinguruma juu ya magunzi na yeye akicheka, na mimi nikamwambia asicheke, litatugonga ukuta. Lilitugonga ukuta. Kuna alama.

Mama Wanjiru amepaza sauti kutoka kwake kuuliza leo nani ameshinda.

Tumetandika kitanda. Kisha nimepika chai. Vyombo bado viko kwenye beseni, nikatoa kikombe kimoja cha maua, nikakiosha vizuri, nikamjazia, nikaweka na kisahani chake. Kwangu nikaweka kile cha plastiki.

Alikitazama. Akakisukuma taratibu mpaka upande wangu wa meza, akavuta cha plastiki kwake.

"Mama, mimi si mgeni," akasema.

Akanywa. Sikumuuliza atakaa mpaka lini. Nimenywea kile cha maua. Chai ilikuwa bado moto.