Pasi Iliyoachwa Inawaka

Nyumba ya Wafanyakazi,
Chumba Na. 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo wewe na wifi? Mgongo unaendeleaje, au bado unasahihisha madaftari ukiwa umelala kifudifudi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na usingizi umenipa kisogo.

Darasa la Kiingereza naendelea nalo. Ulisema kweli kwamba lugha ile ni ya foleni: mtenda mbele, kitendo kinafuata, mtendwa nyuma, na anayeruka foleni anageuza habari nzima. Mwezi huu tumefikia kauli ya kutendwa. Mwalimu anasema mtendwa akiletwa mbele, mtenda anaweza hata kuachwa nje na sentensi ikasimama. Somo hilo nililipenda kupita kiasi.

Unajua hapa hotelini kazi yangu ni kupiga pasi mashuka. Anayezima pasi kubwa hufunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na anayepokea zamu akikiona hakagui tena. Jumanne nilikuwa nachelewa darasani. Nikafunga kitambaa kwanza, mafundo mawili kama kawaida yangu, nikisema nitazima nikishavaa viatu. Nikavaa viatu, nikakimbia.

Mashuka kumi na mawili yaliungua, pamoja na meza. Msimamizi akaniita mimi niandike taarifa, maana ndimi msomi wa chumba cha kufulia! Nikaandika kwa Kiingereza safi: pasi iliachwa inawaka, mashuka yakaunguzwa. Jina la mtu hamna. Nikajiona mjanja.

Msimamizi hakuona mtu kwenye karatasi, akamtafuta kwenye orodha ya zamu. Akamkuta Bi Kicheko, mwenzangu anayenipokea jioni, yule aliyenifundisha kazi hii tangu siku ya kwanza. Kasimamishwa tangu Jumatano, na kesho saa tatu asubuhi wanaamua kama atafukuzwa.

Kaka, naogopa. Nikisema, huenda nikafukuzwa mimi, na chumba hiki ni cha kazi. Nikinyamaza, nitamtazama kwa macho gani?

Leo mchana nimekwenda kwake. Nikamwambia yote huku nalia kama mtoto. Hakucheka wala hakunitukana. Alikuwa anashona kifungo, akakata uzi kwa meno, akasema: "Nilishajua. Pale kazini mafundo mawili unafunga wewe peke yako. Nilikuwa nangoja tu uje useme."

Siku nne, Kaka! Siku nne amekaa nyumbani bila kunitaja, na mimi naringa na Kiingereza changu.

Basi kesho saa mbili na nusu nitakuwa mlangoni kwa msimamizi, taarifa mpya mkononi. Nimeianza kwa neno "mimi".

Nisalimie wifi, mapacha, na mama mkubwa asiyekubali kuvaa miwani. Mungu awafunike nyote, na kesho anishike mkono nisije nikageuka mlangoni.

Ndimi mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba.